Mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa saa nne

Swali: "Papa, mimi nauza vitenge, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Kila mwaka naenda Dar es Salaam kuchukua mali, na kila mara nangoja siku nne tano bila kazi mpaka mzigo upakiwe. Mwaka huu, mwezi wa nane, nitasafiri na mtoto wangu wa miaka 14 anayependa miti kuliko mpira. Ameona picha za msitu unaoota ndani ya maji ya chumvi na anataka tuutembee kwa miguu. Bahari hatujawahi hata kuikanyaga. Twende wapi, tuvae nini, kuna hatari gani, na ni kilometa ngapi?"

Mama, naanza na neno lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililonitia hofu. Hapa kwetu Katanga, ndani ya misitu ya miombo, mtu huuliza umbali, hutazama jua, akajua atarudi nyumbani saa ngapi. Pwani haiendi hivyo. Njia ya kilometa 5 uliyoipita asubuhi kwa saa moja na nusu, ukanyoosha miguu kwenye mchanga mgumu, jioni haipo tena. Iko chini ya maji yanayomfika mtu kifuani. Kwa hiyo ukifika Dar uliza kwanza: leo maji yanapwa saa ngapi? Mvuvi yeyote atakujibu bila kutazama saa.

Mimi nilijifunza hilo vibaya. Nilipokwenda pwani mara ya kwanza kusoma mimea, nilitoka Bagamoyo asubuhi nikifuata ufuo kwenda Kaole, nikaingia kati ya mikoko nikiwa na daftari na furaha nyingi. Nilikuwa nimezoea mito ya Katanga, ambayo hufurika kwa msimu. Sikujua kwamba maji ya bahari hayaji kwa mbele yakakutangazia. Hupanda kwanza kwenye vijifereji vilivyo nyuma yako, kimya kabisa, na ukigeuka unakuta pale ulipopita pakavu pamekuwa mto. Nilitoka maji yakiwa mbavuni, kiatu kimoja kimebaki topeni, na daftari la kazi ya wiki nzima limekuwa uji. Mtu mzima mwenye afya alihangaika hivyo. Wewe utakuwa na mtoto.

Basi jifunze hesabu hii, ni fupi, na mtoto wa miaka 14 ataiweza kuliko sisi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa mwezi mpevu na wakati wa mwezi mwandamo huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu: bahari haiendi mbali, haiji mbali, tofauti yake hupungua hata kufikia kama mita 1. Sasa shika jambo moja linalofaa kwa Dar, Bagamoyo na Zanzibar: siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa kabisa karibu saa kumi alasiri. Ukifika siku tatu baada ya mwezi mpevu, ongeza dakika 50 mara tatu: maji yatapwa karibu saa sita na nusu mchana. Ni makadirio, na mvuvi atakusahihisha, lakini hutakuwa mgeni kabisa.

Kuna la kuongeza hapo. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa utadhani yamelala. Katika saa ya tatu na ya nne ndipo hukimbia. Watu wengi hunaswa kwa sababu waliitazama ile saa ya kwanza, wakajiambia bado kuna wakati. Kanuni yangu tangu siku ile: ninaanza kutembea maji yakiwa bado yanashuka, na yanapofika chini kabisa, mimi tayari nimegeuka kurudi.

Sasa twende wapi. Mtoto amechanganya misitu miwili, na si kosa lake, picha nyingi huichanganya. Kuna msitu wa pwani, unaoota nchi kavu karibu na bahari, na kuna mikoko, inayoota ndani ya tope la chumvi. Mahali ambapo ninyi wawili mtaviona vyote kwa siku moja, kwa njia zilizotengenezwa na waongozaji wanaojua miti kwa jina, ni Jozani, kisiwani Unguja. Kutoka Dar mnapanda boti asubuhi, safari ya karibu saa mbili, halafu kutoka mjini Zanzibar ni kama kilometa 35 kuelekea kusini-mashariki, barabara ya daladala za Paje, Jambiani na Makunduchi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, kilometa za mraba 50. Mkilala usiku mmoja mjini hamtakimbizana na boti ya jioni. Chukueni paspoti zenu na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa maana bandarini Zanzibar hukaguliwa tena hata kama umeshapita mpaka wa Tunduma.

Mama, wewe unaijua barabara ile ya kutoka mpaka wetu wa Kasumbalesa hadi Dar kuliko mimi. Zambia nzima, kisha Mbeya, mpaka karibu na Morogoro, miti mingi unayoiona dirishani ni ndugu za miombo ya nyumbani: mashina yaliyoachana, mwanga unafika chini, nyasi zinaungua kila kiangazi. Mwambie mtoto aitazame vizuri, kwa sababu Jozani itamshangaza. Hapo maji matamu yako chini kidogo tu ya ardhi, na wakati wa mvua hutokeza juu, ukasikia unatembea juu ya sifongo. Kuna mitondoo mikubwa, kuna mikadi, na kuna michikichi, ileile inayotupa mawese. Kivuli ni kizito. Hakuna moto unaopita kila mwaka. Lubumbashi tuko juu, zaidi ya mita 1,200, na hewa ya mwezi wa nane ni kavu hadi midomo inapasuka. Kule chini jasho halikauki. Mtachoka mapema kuliko mnavyodhani, ingawa njia ni tambarare.

Kisha toka nje ya kivuli hicho, tembea kidogo tu, na msitu unakatika. Unaingia kwenye maweni: ardhi ya jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu na makali kama kisu, na vichaka vifupi vya majani magumu. Endelea tena, ardhi inashuka kidogo, na hapo ndipo mikoko inaanza. Tafadhali simameni mpakani hapo na mtazame nyuma. Kwetu unaweza kupanda kilima cha mita 50 na miombo ikabaki miombo. Pwani, tofauti ya mkono mmoja wa urefu wa ardhi inaamua mti gani uishi na mti gani ufe, kwa kuwa inaamua maji ya chumvi yanafika mara ngapi. Nimezunguka misitu mingi, na sijaona mahali pengine ambapo sababu na matokeo vinaonekana wazi hivyo kwa macho matupu.

Mikoko ya Jozani hutembelewa juu ya daraja la mbao upande wa kijiji cha Pete. Msishuke. Najua mtoto atataka kugusa tope, lakini vile vijiti vilivyosimama topeni kama kucha ni mizizi inayopumua. Tope la mikoko halina hewa ndani, basi mchu na mlilana hupandisha mizizi juu ili ivute hewa maji yakipwa. Ukiikanyaga umeufunga mti pua. Mkoko wenyewe umechagua njia nyingine: unasimama juu ya miguu mingi iliyopinda, kama kibanda juu ya nguzo. Msinzi hupinda mizizi yake ikatokeza kama magoti. Mpe mtoto kazi ya kutofautisha mchu, mkoko na msinzi kwa mizizi peke yake, bila kutazama majani. Akimaliza, amejua nusu ya somo.

Nusu nyingine ni chumvi. Mwambie aombe ruhusa ya mwongozaji alambe jani la mchu. Ni la chumvi kweli, kwa sababu mchu hunyonya maji ya bahari kisha huitoa chumvi kupitia majani, na siku ya jua kali utaona chembe zake zinang'aa. Mkoko hufanya kinyume: huizuia mlangoni, kwenye mizizi, na kidogo tu hupita. Miti miwili jirani, tope moja, shida moja, na kila mmoja ameitatua kivyake. Tazameni pia vile vitu virefu vya kijani vinavyoning'inia kwenye mkoko kama kalamu. Si matunda ya kawaida. Mbegu imeota ikiwa bado juu ya mama yake, na inapoanguka ni mche tayari: hujichoma topeni au huelea hadi ipate mahali. Nimefundisha miaka mingi, na hakuna mwanafunzi niliyemwonyesha jambo hilo akalisahau.

Wenyeji watawapa majina mengine: mkandaa, ambao gome lake lilitumika kupaka rangi na kutengeneza ngozi za wanyama, mkomafi wenye matunda makubwa kama mpira. Pwani yote ya Tanzania ina aina karibu kumi za mikoko. Mashina yake yaliyonyooka ndiyo boriti za nyumba za kale za Waswahili, na ukiingia kwenye nyumba ya mawe mjini Zanzibar ukakuta chumba kirefu lakini chembamba, ni kwa sababu dari imebebwa na boriti ambazo hazivuki mita tatu na kitu. Mti umepima chumba. Nalipenda sana jambo hili.

Maji yakipwa mtaona kaa wadogo, madume wao wana mkono mmoja mkubwa wanaoupunga kama wanaita teksi, na samaki wadogo wanaoruka juu ya tope kwa mapezi. Maji yakijaa hivyo vyote hutoweka na samaki wengine huingia kati ya mizizi. Kama mna muda, fikeni darajani maji yakiwa yanashuka nusu, mkae hadi yaishe. Msipite mbiombio. Wageni wengi hupiga picha kwa dakika kumi na kuondoka, wakati jambo lenyewe ni kule kushuka.

Kuna mnyama mmoja ambaye lazima nimtaje: mbega mwekundu wa Unguja, ambaye watu wa pale humwita kima punju. Hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Hana kidole gumba. Anakula majani, yakiwemo ya mikungu na miembe ya mashambani, na majani hayo yana sumu kidogo. Watafiti walioandika juu yake mwaka 1997 walieleza kwamba anakula makala, yaani makaa ya miti. Ndiyo, Mama, makala hayahaya tunayopikia bukari, ugali wetu. Huyaokota kwenye matanuri na kwenye visiki vilivyoungua, na makala hayo hunasa ile sumu tumboni. Sisi wa Lubumbashi, tunaoona malori ya makala yanaingia mjini kila alfajiri na msitu unazidi kurudi nyuma, hatuwezi kusikia habari hiyo bila kufikiri. Wasogeleeni kwa macho tu. Msiwape chakula, na mtoto akiwa na mafua, mkae mbali zaidi, maana magonjwa yetu huwapata.

Kama mzigo wenu utawabana na hamna siku mbili za Unguja, basi Bagamoyo. Iko kama kilometa 70 kaskazini mwa Dar, mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hapo hakuna msitu mzito, lakini kuna mikoko, kuna magofu ya Kaole yenye msikiti unaohesabiwa wa karne ya 13, na kuna kitu ambacho Jozani hutakiona vizuri: uwanja wa chumvi. Na kwa mtoto wa Katanga, Bagamoyo ina uzito mwingine. Ndiko misafara ya bara ilikoishia. Msiri, mtawala aliyetoka upande wa Unyamwezi na kujenga Bunkeya, mji wake mkuu huko Katanga, alipeleka pembe za ndovu na watu waliouzwa kuelekea pwani hii, hadi alipouawa Desemba 1891. Lugha ninayokuandikia ilipanda kwetu kwa njia hizohizo.

Uwanja wa chumvi uko nyuma ya mikoko, upande wa nchi kavu. Mgeni husema ni jangwa tu, akapita. Nawaomba msipite. Maji ya bahari hufika pale siku chache za bamvua peke yake, kisha hukaa wiki nzima yakikaushwa na jua. Maji huondoka, chumvi hubaki, bamvua inayofuata inaongeza nyingine. Mwishowe udongo una chumvi kuliko bahari yenyewe, na hata mchu, mti mvumilivu kuliko yote, hudumaa hadi kufikia magoti na kisha hukoma. Panapobaki ni vijimea vinavyotambaa, majani manene yaliyojaa maji, mengine mekundu kama damu.

Mtoto wako anaweza kuelewa hilo kuliko mtoto wa Dar. Mkumbushe vile vilima vya shaba vya kwetu, ambapo miombo inakatika ghafla na juu kuna nyasi na maua tu, kama mtu amefyeka. Hakuna aliyefyeka. Shaba iliyo udongoni inaua mizizi ya miti, na mimea michache iliyoizoea ndiyo iliyobaki, kama lile ua la shaba, Haumaniastrum katangense, ambalo watafuta madini walilifuata ili kujua pa kuchimba. Chumvi pwani na shaba Katanga zimefanya kazi moja: zimefukuza mti, zikampa nafasi mnyonge aliyejifunza kuvumilia. Nilipoona uwanja wa chumvi mara ya kwanza nilisimama nikajihisi niko Ruashi kwetu, penye shaba. Mwache mtoto alione mwenyewe kabla hujamwambia.

Hatari. Ya kwanza nimeshaisema, maji. Ya pili ni fedha. Njia ya ufuoni kati ya Bagamoyo na Kaole ina sehemu tupu, na mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi hujulikana kwa mkoba anaoukumbatia. Dola za mali zisitembee nanyi hata moja. Chukueni mwongozaji mjini na mpatane bei kabla ya kuondoka. Ya tatu: msiende kutembea kwenye midomo ya mito ya Ruvu na Wami, hata mtu akiwaambia mikoko yake ni mizuri zaidi. Ni kweli ni mizuri, lakini kuna mamba na viboko, na hapo huingiwa kwa boti pamoja na wanaojua. Mengine ni ya kawaida. Mbu ni wengi jioni, malaria iko, na nyoka hukwepwa kwa kutazama unapoweka mguu.

Viatu: usinunue mabuti ya mpira. Tope huyavuta, ukabaki umesimama na soksi. Kandambili ni mbaya zaidi, kwa maana maganda ya chaza kwenye mizizi hukata nyayo, na maweni huzimaliza. Vaeni viatu vya kitambaa vilivyochakaa, vya kamba, mfunge kwa nguvu, na mkivua mvisuuze kwa maji matamu. Suruali nyepesi au kitenge kinachopita magoti, mabega yamefunikwa. Mtapita vijijini mwa Waislamu na heshima hiyo itawafungulia midomo ya watu. Kofia. Maji ya kunywa lita 2 kila mmoja. Umechagua mwezi mzuri: Agosti ni kipupwe, pepo za kusi zinavuma, masika imekwisha na vuli haijaanza. Ila jua lililochanganyika na upepo humdanganya mtu. Halimchomi anapotembea, humchoma usiku akiwa kitandani.

Mtoto akiuliza kama Kongo nayo ina mikoko, mjibu ndiyo. Iko Muanda, pale mto wetu unapoingia Atlantiki, na kuna hifadhi tangu 1992. Aina zake ni chache na si hizi za Bahari ya Hindi. Kutoka Lubumbashi, Dar ni karibu zaidi, basi aanzie huko.

Kitu cha kuleta nyumbani: si mche wa mkoko, utakufa njiani kabla ya mpaka wa Nakonde, na hifadhini hauruhusiwi kung'olewa. Lakini Bagamoyo kuna mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye vidimbwi vya kina kifupi na kuachiwa jua. Nunueni kilo mbili za ile chumvi ya mawe, ni nzuri kwa samaki. Bebeni kidumu chenye kifuniko kinachobana, kwa sababu mifuko ya plastiki imekatazwa Tanzania tangu Juni 2019, na chumvi hiyo hutoa maji njia nzima. Usiipakie kwenye gunia moja na vitenge.